Leo Soko la Mbuzi Limekagua Mashine Yangu ya Kura

Nimeitwa mwizi wa kura tangu asubuhi, jameni, na mimi ni karani tu wa soko la mbuzi hapa Isiolo!

Tulikuwa tunachagua mwenyekiti kwa tableti. Nimeifunga kwa nywila ambayo hata bibi yangu haijui. Unabonyeza picha ya mtu wako, basi.

Mzee Guyo, mmoja wa wagombea wawili, akapata sifuri.

Sifuri!

Akasimama na fimbo yake. "Kwani hata kura yangu mwenyewe imeenda wapi? Hiyo mashine imeingiliwa. Tunataka ukaguzi!"

Mpinzani wake, Mzee Abdi, alikuwa ameshaanza kushukuru watu huku machozi yakimtoka. Ikabidi angoje.

Nikamwambia Mzee Guyo, "Hebu nionyeshe vile ulipiga kura."

Akabonyeza picha ya Mzee Abdi. Kwa nguvu.

"Mzee, huyo si ni mpinzani wako?"

Akaniangalia kama mimi ndiye sijawahi kuona mbuzi. "Hapa sokoni, mbuzi akipakwa rangi si ndiye anaondoka kwenda kuchinjwa? Nimemwekea alama aondoke!"

Nikauliza kama kuna mwingine alifanya hivyo.

Mikono ikapanda soko zima. Wa kwanza alikuwa mkwe wa Mzee Abdi.

Mzee Abdi akafuta machozi, akakaa chini polepole. "Kwa hivyo nyote mlitaka nichinjwe?"

Mkwe akashusha mkono.

Sasa marafiki, niambieni nimtangaze nani, maana saa hii Mzee Abdi, mshindi wa mashine, ndiye anapiga kelele kwamba iliingiliwa.