Sitara ya Mjomba

Mama alipoambiwa kwamba nataka kwenda Uingereza kusomea makosa ya watu katika kazi za ndege, alicheka mpaka akashika ukuta. "Makosa?" akasema. "Mwanangu, makosa si yamejaa hapa hapa Ngamiani? Ya nini kuyafuata ng'ambo?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa na digrii ya sayansi niliyoipata Uganda, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipima hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Tanga, kazi ya kusoma vipimajoto na kuandika mawingu. Elimu niliyoitaka ilikuwa bado changa. Ilianza wakati wa vita vya Hitla, watu walipoona kwamba ndege nzima, isiyopungukiwa hata msumari, huanguka kwa sababu rubani amechoka, au mtu aliye chini amesema neno lisilo sawa. Chuo kimoja huko kilichukua wanafunzi wa shahada ya pili, na sharti lake lilikuwa moja: uandike kwa ukweli wote habari za ajali unayoijua mwenyewe, uonyeshe kosa la binadamu lilianzia wapi. Wallahi, ajali nilikuwa nayo. Na kosa lilikuwa la mjomba wangu.

Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, na ndiye aliyeniombea kazi. Pale uwanjani yeye alikuwa mwangalizi wa upepo. Ndege ikikaribia, aliutazama mfuko wa kitambaa uliokuwa juu ya mlingoti, sisi tukiuita soksi, akaona umeelekea wapi, akamwambia rubani kwa redio. Rubani hutua akiukabili upepo. Ukimsukuma mgongoni, ndege hukataa kusimama. Ndiyo kazi yote, yeyote angeiweza, bora awe na macho.

Mjomba hakuwa nayo. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Nilipoanza kazi aliiona soksi kama doa. Mwaka wa pili hakuuona hata mlingoti. Sote tulijua: karani wa tiketi, wazima moto wawili, mpishi wa chai, na mimi. Hakuna aliyesema. Kwetu mwenzio akiwa na aibu unamsitiri, na Mungu akusitiri yako. Nani angethubutu kumuumbua mzee aliyebakiza miaka mitatu astaafu, na ndiye aliyetusalisha adhuhuri? Basi mimi nilisimama nyuma yake nikasema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Soksi inatazama bandarini," naye akalirudia redioni kwa sauti ya mtu aliyeona. Tulikuwa hodari kwelikweli! Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga, na ndege zikaja zikaondoka, hakuna rubani aliyehisi kitu.

Nilipokuwa sipo alitumia shavu. Alitoka nje, akainua uso, akaupima upepo kwa ngozi, na mara nyingi alipatia.

Siku ya ajali ilikuwa Ijumaa, kusi ndiyo kwanza inaingia, na manyunyu tangu asubuhi. Tulikuwa tukipokezana, Ijumaa moja yake, moja yangu, na hiyo ilikuwa yangu, nikaenda mjini kusali. Hapakuwa na ndege mpaka saa tisa. Lakini rubani mmoja, Mzungu mfupi mwenye mzaha aliyekuwa akituletea magazeti kutoka Mombasa, aliwahi kwa saa mbili, na abiria watano ndani. Mjomba akatoka. Kwa kuogopa kulowa akasimama chini ya upenu wa ghala la mafuta, akainua shavu lake. Sasa, upepo ukigonga ukuta hurudi. Uliomgusa usoni ulikuwa umeshageuka, naye akamwambia rubani vile vile ulivyomjia.

Niliporudi, ndege ilikuwa imepitiliza uwanja, imelala kifudifudi mtaroni kando ya mikonge. Rubani alikuwa amekaa kwenye nyasi, pua ikimvuja damu, akirudia neno moja tu: ameniambia, ameniambia. Bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwa wanawe Pangani alifariki hospitalini siku ya tatu. Mjomba alikwenda mazikoni. Alishikwa mkono kwenda na kurudi, na watu wa huko wakadhani ni majonzi.

Na mimi je? Lahaula! Mimi, abiria wangali wanatolewa, niliingia ofisini nikafungua daftari la upepo, ambamo huandikwa kila rubani alichoambiwa. Mjomba hakuwa ameandika kitu, maana siku zote aliyemwandikia ni mimi. Nikachungulia soksi dirishani, nikaandika upepo ulio sahihi, na saa. Wakati ule niliona natenda wema.

Mchunguzi alipokuja, alituita mmoja mmoja. Karani akasema mzee anaona vizuri. Wazima moto wakasema hivyo hivyo, na mpishi wa chai pia. Daftari likasema rubani aliambiwa sawa. Likawa neno la mtu mmoja dhidi ya letu sote, na rubani akanyang'anywa leseni. Alikuja kutuaga. Alimpa mjomba mkono, kisha akanipa mimi, akasema amefikiri na kufikiri, na labda ni kweli alisikia vibaya. Nikamjibu pole. Pole! Kwa ulimi huu huu.

Mwaka na nusu baadaye, fomu za chuo zi mezani na sina ajali nyingine. Nikiandika ukweli, chuo kitaipelekea nakala idara yetu ya ndege, mjomba anafukuzwa kazi na jina lake linaanikwa. Nisipoandika, nitazeeka nikisoma vipimajoto. Ningeweza kusema nilikesha nikifikiri, lakini ningekuwa mwongo. Nilikuwa nimeshaamua. Nilichokuwa nikitafuta ni ruhusa, nikaenda kwake baada ya alasiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Keti. Mbona hatua zako nzito leo?"

Nikamweleza yote. Akapapasa mkekani mpaka akakipata kikombe chake cha kahawa.

"Yule bibi," akasema, "kila nikisujudu yuko mbele yangu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kilio nimekipeleka nyumbani kwa watu. Andika."

"Watakufukuza, mjomba."

"Na wanifukuze. Ningekuwa mwanamume ningeondoka mwenyewe zamani." Akanywa kahawa yake. "Lakini sikiliza. Andika kwamba niliwaficha nyote. Karani hakujua, wazima moto hawakujua, wewe hukujua. Na daftari niliandika mimi."

"Mjomba, hati ni yangu."

"Nani huko Ulaya anaijua hati yangu? Mimi nimekwisha, mwanangu. Akiumbuka mmoja yatosha. Ya nini tuumbuke wote?"

Ilinipasa kukataa. Nilijua pale pale kwamba ajali ile haikuanzia machoni mwake. Macho ya wazee hufa kila mahali duniani. Ilianzia kwetu, watu watano wenye macho mazima, tuliolitazama jambo kila siku ya Mungu tukaona kulisema ndiyo dhambi. Hicho ndicho chuo kilichotaka kukijua, na hakuna Mzungu ambaye angekijua bila kuambiwa na mtu wa kwetu. Nilikuwa nacho mdomoni. Nikakimeza, nikambusu mjomba mkono, nikamshukuru.

Insha ilisifiwa, nikapata nafasi. Nakala ikafika idarani, na mjomba akaondolewa wiki ile ile, akahamia Mkwaja kwa binti yake. Rubani alisafishwa jina, lakini barua ya kumwarifu ilirudi kutoka Mombasa. Alikwisha hama bila kuacha anwani. Siku nilipopanda basi kwenda kuifuata meli, mama hakutoka nje kuniaga.

Huko chuoni, juma la pili, mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa. Alikuwa mtu mpole, anachechemea kwa jeraha la vita. Alisema ni nadra mtu kueleza mambo ya kwao waziwazi kiasi kile. Kisha akavua miwani akanigeukia. Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua, akasema. Mtu hapofuki kwa siku moja, huchukua miaka. Je, katika wote waliofanya naye kazi, hakuna hata mmoja aliyegundua?

Wenzangu waligeuka kunitazama. Nafasi ilikuwa hiyo, na hapakuwa na mtu wa kuumbuka mle ndani isipokuwa mimi.

"Hakuna aliyejua," nikasema.

Mwalimu akaliandika jibu hilo ubaoni, darasa zima likainama kunakili. Nami nikanakili.