Maziwa ya Jirani

Tuliporudi kwetu Mwakiro kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na mama, yule bwana aliyekuwa akilima shamba letu hakututolea panga. Alipima nusu kwa hatua zake, akatuachia. Kuanzia kesho yake akawa anatokea kwenye ukungu kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Anapiga funda moja mbele yetu, ndipo anampa mama. Ndiyo desturi: anayeleta huonja kwanza. Na maziwa hayakataliwi.

Asubuhi zile nazikumbuka kama usingizi ambao haujaisha. Ukungu hadi mlangoni, moshi wa kuni, mama anakunywa amefumba macho.

Kisha tumbo lake likaanza kujaa. Kufika adhuhuri linakuwa ngoma, linanguruma, kanga haifungiki. Wajomba wakanong'ona, "Amelishwa sumu. Jamaa anaitaka na nusu nyingine."

Nikawaka. "Sumu gani anayoinywa mwenyewe? Mna akili nyie?" Lakini niliogopa, sifichi. Neno lile likimfikia jirani, amani imekwisha.

"Nikiacha kunywa, nimekubaliana nao," mama akasema, akaendelea. King'ang'anizi yule!

Nikampeleka Gitega, tukafikia kwa dada yake, mtaa wa Musinzira. Hospitalini daktari akambonyeza tumbo, akauliza habari za choo na vidonda vya tumbo, akapima minyoo na ini, akapitisha ekografi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo, asije akawa na maji au uvimbe kwenye kizazi. Hakuna kitu. Ndipo akauliza anakunywa nini asubuhi. Tukamtajia maziwa ya jirani, tangu tutoke kambini.

"Kambini mlikunywa maziwa?"

Maziwa! Kambini tulikula ugali na mbaazi, basi.

"Watu wazima wengi matumbo yao hayawezi kuyasaga," akasema. "Aache wiki moja, tuone."

Wiki ile mama alikunywa chai ya rangi barazani kwa dada yake, na tumbo likanywea taratibu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Nyumbani mama aliona haya, kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilimweleza jirani wazi, hata maneno ya wajomba sikuyaficha. Yeye akageukia ndani, akaita watoto walete vikombe.

Wakatoka wanne, wakajipanga, wakimtazama baba yao kama hawaamini. Akawamiminia mmoja mmoja.

"Ng'ombe iko moja tu," akaniambia, bila kuniangalia.