Nyota za Maziwa

Niliporudi nyumbani Sosiot bila kazi, sikuweza kutulia. Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikatazama shamba la chai la jirani, nikarudi kuketi, kisha nikasimama tena. Mama alisema nitatoboa sakafu. Simu niliyoingoja haikulia, na kila gari lililopita kuelekea mjini niliona limeniacha mimi.

Ili mikono ipate shughuli, niliandika programu ndogo ya kompyuta kwa lugha ya Python. Kila asubuhi chama cha maziwa kilimtumia baba ujumbe wa kilo zilizopimwa. Nilinakili jumbe zote, na kwenye dirisha jeusi la laptopu programu ikachapa mstari kwa kila siku, nyota moja kwa kila kilo. Haikuwa na rangi wala urembo, lakini nilimwita baba nikijivuna.

Juu mistari ilikuwa mirefu. Halafu ghafla ikafupika, ikabaki hivyo hadi chini.

"Kumbe hii ng'ombe imezeeka," baba alisema. "Wacha niambie yule mnunuzi wa Siongiroi akuje aichukue kesho."

Tulikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu, na mimi ndiye niliyemchongea. Mama alikuwa bado shambani akichuma chai. Nilirudi kwenye programu, nikaweka tarehe kando ya kila mstari. Mstari mfupi wa kwanza ulikuwa wa asubuhi baada ya mimi kufika nyumbani.

Nilienda jikoni. Zamani kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilikuwa kimoja. Sasa vilipangwa ukutani, vyote vimejaa. Kila mlo nilikunywa kikombe, nikaongezwa, na sikuwahi kuuliza maziwa yalitoka wapi.

Mama aliporudi alitua kikapu na kutusikiliza.

"Huyu alikuja amekonda, chakula anakataa," alimwambia baba. "Ni mursik tu ilikuwa inapita. Nakamulia kibuyu kwanza, ikibaki ndio inaenda chama."

Baba alimpigia mnunuzi, akamwambia asije.

Kazi ilipatikana baadaye, Nairobi, na nikaondoka mbio bila hata kumaliza chai. Jioni moja, katika chumba changu cha kupanga, niliingiza jumbe mpya ambazo baba alikuwa amenitumia. Mistari ilikuwa imerefuka tena, kuanzia asubuhi baada ya mimi kuondoka. Iliniuma: mama hakuwa tena na mtu wa kumjazia kibuyu. Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi kuketi.