Mahali Hapajulikani

Kandambili zilitangulia. Kila alfajiri, kabla dirisha langu halijapata rangi yoyote, nilizisikia zikiburuta sakafuni kutoka chumba cha Papa, baba yangu, hadi sebuleni. Baadaye komeo la mlango wa mbele, kisha kimya cha nyasi, na baada ya hapo vicheko vya watu wawili huko getini. Nilivisikiliza nikiwa nimelala, shuka limenifika kidevuni, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitatakiwa kuthibitisha kicheko.

Papa alikulia Bujumbura, mtoto wa wakimbizi kutoka Rwanda, na Kiswahili chake alikiokota mtaa wa Buyenzi, kwenye viwanja vya mpira na vibanda vya samaki. Aliporudi Kigali alifungua duka la spea mtaa wa Muhima, na miaka yote hiyo madereva na mafundi wa kila upande wa mpaka hawakuiacha lugha hiyo ipoe mdomoni mwake. Uzee ulipomfika aliuza duka. Mama alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu ya kilimani Rebero ina upepo mzuri na majirani wanaopita na vioo vya magari vimepandishwa. Mimi nilijitahidi kumwongelesha, lakini Kiswahili changu ni cha vitabuni, na Papa alisema kuzungumza nami ni kama kuhojiwa na redio.

Hivyo alipogundua kwamba mlinzi mpya aliyeletwa na kampuni ya ulinzi naye alikulia Buyenzi, nyuma ya soko, alipona ugonjwa ambao hakuna daktari aliyekuwa ameutaja. Alimpelekea chai kwenye chupa. Walibishana kuhusu mechi ambazo sasa hazina mashahidi. Mlinzi alimwambia kwamba kwa golikipa kama Papa alivyokuwa, wavu ulikuwa unapata kazi nyingi kuliko yeye. Papa alicheka hadi akakohoa.

Kampuni ya mlinzi ilikataza mazoea hayo. Mlinzi hatakiwi kukaa wala kunywa chai na mwenye nyumba, na aliyekamatwa alirudishwa ofisini akavua sare, kazi imekwisha. Ndiyo maana walikutana alfajiri, kabla msimamizi hajapita.

Kaka yangu ni mhandisi. Papa alipougua malaria kali, kaka alikuja na vihisi vyake, vidude vidogo vyeupe alivyovibandika milangoni, chini ya zulia na chini ya godoro, na kisanduku kimoja kilichotoshea nyuma ya televisheni. Alinieleza kwa fahari ambayo wakati ule niliiona kuwa upendo, na huenda ulikuwa upendo. Mifumo mingine, alisema, hupeleka maisha ya mtu kwenye seva za mbali, watu usiowajua wakayachungulia. Hiki huchakata kila kitu humuhumu ndani. Hakina kamera wala maikrofoni, kwa heshima ya mzee. Hujifunza kwanza mwenendo wa kawaida wa nyumba, kisha hutupa kila kilicho cha kawaida na kutunza yale tu yasiyo ya kawaida. Ukitaka kujua jambo, unakaa sebuleni, unakiuliza kwenye simu, nacho kinatafuta ndani ya kumbukumbu zake na kujibu, hata intaneti ikiwa imekatika. Hakuna kitakachotoka nje ya nyumba hii, alisema.

Kilijifunza, basi. Kilijifunza wakati Papa amelala chali siku nzima, anainuliwa kwenda msalani, haongei, hatembei. Huyo ndiye mzee kiliyemjua. Alipopata nafuu na kurudi kwenye kandambili zake, uzima wake ukahesabiwa kuwa tukio.

Jumapili moja kaka alikuja baada ya misa kama kawaida, akala, kisha akawasha televisheni, akaiunganisha na simu yake. Ramani ya nyumba yetu ikatokea, mistari myeupe kwenye giza. Akaandika swali, Papa akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Aliuliza kuhusu mwendo wa baba katika mwezi ule. Nukta ya bluu ikatoka chumbani, ikavuka sebule, ikafika mlangoni, ikasimama kwenye ukingo wa baraza ambako vihisi viliishia. Pale ikazimika. Chini yake pakaandikwa: mahali hapajulikani. Kisha alfajiri nyingine, na nyingine, nukta ileile, na pembeni kisanduku kikapendekeza maana yake kwa rangi nyekundu: kutangatanga, dalili ya kuchanganyikiwa.

Papa aliinyooshea nukta kidole.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, Papa."

"Mbona yuko peke yake?"

Kaka aligeuza kiti chake na kuanza kusema yale ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga njiani. Kwamba mteremko wa Rebero si mahali pa mzee kutembeatembea gizani. Kwamba kwake ghorofani kuna chumba, kuna lifti, kuna msichana wa kazi. Papa alisema kwa upole kwamba hapotei. Huenda kuzungumza na mtu getini. Kaka akakiuliza kisanduku kama kuna mazungumzo yoyote yaliyopatikana. Kikatafuta. Hakuna.

Nikasema kwamba hakina masikio, kitapataje mazungumzo. Nikasema kilimjua Papa akiwa mgonjwa, na mtu mwenye afya kwake ni kasoro. Kaka alikiri kwamba huenda kilianza vibaya, lakini kinajirekebisha chenyewe kwa muda, na kila wiki kinazidi kuwa na uhakika. Ndipo niliposema kwamba mimi ninawasikia. Kila alfajiri ninawasikia wakicheka.

Kaka alinitazama kwa huruma, na huruma ile sijaisamehe.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe kazi yako ni kubuni."

Nina riwaya moja iliyochapishwa. Alinunua nakala zake nyingi akazigawa kazini kwake. Sikujua kwamba siku ileile ilipotoka nilipoteza haki ya kuaminiwa kuhusu nilichokisikia kwa masikio yangu.

Nikataka mlinzi aitwe. Siku hiyo alikuwa zamu ya mchana. Aliingia akiwa ameishika kofia kwa mikono miwili, akasimama pale zulia linapoanza, asilikanyage. Kaka alimuuliza mbele yetu sote kama ni kweli mzee huenda getini kukaa naye. Mlinzi alimtazama kaka, akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akatazama ramani kwenye televisheni.

"Hapana, bosi," alisema. "Muzee anapitaga tu. Mimi niko kazini, sipigagi stori na watu."

Nilifungua mdomo. Papa aliinua kiganja chake kutoka kwenye mkono wa kiti, kidogo tu, nikanyamaza.

"Amesema kweli," Papa alisema. "Mimi ndiye ninayetangatanga."

Ahadi ya kaka ilitimia. Hakuna chochote kilichotoka kwenye nyumba ile isipokuwa baba.

Walikubaliana aondoke jioni ileile, maana kaka alikuwa na gari na kesho yake alikuwa na kazi. Nilimkunjia Papa mashati. Nilikuwa na hasira ambayo haikujua imshike nani, ikamshika yeye. Nikamuuliza kwa nini alidanganya, kwa nini aliitoa nyumba yake kwa ajili ya mtu aliyemkana mbele ya watoto wake. Alikuwa anatafuta miwani yake chini ya mto.

"Mimi nikihama napata kitanda kingine," alisema. "Yule wakimvua sare, watoto wake watakula nini?"

Nikamwambia kwamba kule ghorofani hakuna atakayezungumza naye. Wajukuu wanacheka Kinyarwanda chake kwa sababu kina Kirundi ndani, na mkwewe anarudi nyumbani usiku. Alisema anajua. Alisema nisimsimulie kaka lolote, hata miaka ikipita, kwa sababu kaka atapiga simu kwenye kampuni kabla ya kufikiri.

Honi ililia nje, mara moja, bila ukali. Papa alikataa nimbebee begi. Alivaa viatu vya ngozi, vya kwendea kanisani, akavuka sebule bila kuitazama televisheni. Mlangoni aliniomba nibaki ndani. Kisha akatoka, akauvuta mlango mwenyewe, taratibu, hadi kitasa kikaingia mahali pake.