Waya wa Kitenge

Misenga hakuwahi kukanyaga darasa, lakini wakati wa vita watu wa mtaa wa reli pale Kindu walimwita Mama Foni. Treni ilikuwa imesimama, barua hazifiki, na redio ya kuongea na watu wa mbali, yaani foni, ilikuwa kwake, chini ya mlingoti wa antena aliousimamisha marehemu mume wake. Asubuhi aliongea na Lokandu ya jirani kwa mawimbi ya chini. Mchana alipandisha mawimbi, akaitafuta Kasai, kwa mama yake.

Kisha shemeji yake Kitenge akaja kubeba redio. "Mujane na mashine, wapi na wapi?" Akaiweka sebuleni kwake, alikouza bia, ili wanaongoja zamu wanywe. Mlingoti ukabaki kilimani kwa Misenga. Waya ukaungwa kipande kwa kipande, ukapita juu ya mapaa, ukavuka barabara. Misenga akawa kijakazi wa redio yake mwenyewe.

Lokandu ilisikika vilevile. Kasai ndiyo iliyoharibika.

"Misenga, mutoto wangu, niko mugonjwa. Uko unasikia? Sema sasa."

"Mama, niko nasikia! Niko hapa!"

"Misenga? Sema sasa."

Alipaza sauti hadi walevi wakamcheka. "Mama Foni, panda juu ya paa umuite!"

Mama aliita siku nyingi, kisha hakuita tena.

Mfanyabiashara mmoja wa Kindu alipofika Kasai alimwambia Ngandu, kaka yake Misenga, kwamba foni ya Kindu ni nzima, na kila asubuhi dada yake anaongea na Lokandu akicheka. Matanga yakapita bila Misenga kuambiwa. Ngandu akasema hana dada.

Mwaka huu fundi Didier alikuja kufunga redio ya parokia, naye Misenga akimpikia. Padri alitaka mashine ikae ofisini kwake, mbali na antena. Didier akakataa.

"Waya mrefu unakula nguvu, mama. Mawimbi ya chini unayaonja tu. Ya juu unayameza."

Misenga akatua sufuria. "Na mtu anaweza kusikia wenzake, wao wasimsikie?"

"Anaweza. Sauti yao inafika mlingotini ikiwa na nguvu. Hata ikipungua, inabaki ya kusikika. Yako inakwisha kabla ya kuifikia antena."

Misenga akampigia Ngandu simu, akaeleza mpaka pumzi ikamwishia. Ngandu akauliza: "Huyo mwenye waya angali hai? Nipe niongee naye."

Misenga alikimbia hadi kwa Kitenge na simu mkononi, kilemba kikamdondoka njiani. "Shemeji, mwambie tu kwamba waya ulikuwa mrefu."

Kitenge alichukua simu, akawatazama wateja wake. "Foni yangu ilikuwa nzima, muzee. Huyu alikuwa tu na kiburi."

Misenga alipoiweka simu sikioni, Ngandu alikuwa amekata. Akapiga tena. Haikupokelewa. Kitenge alikuwa ameshageuka kufungua chupa, akamuuliza bila kumtazama kama atakunywa kitu.