Mashine ya Ludivina na Jicho la Fedha

“Sijasema umeiba,” alisema Ludivina. “Nimesema lilikuwepo, ukaja wewe, halipo.”

“Na tofauti yake ni nini?” aliuliza Otilia.

“Kubwa. Mimi sijamtaja mtu.”

Walikuwa jikoni kwa Ludivina, kule milimani Yauco, kila mmoja na kikombe chake mbele yake, na kahawa ya Yauco kuachwa ipoe mezani ni jambo la kuitia majirani. Wote wawili walikuwa wamepita miaka sabini. Otilia ndiye aliyembeba Wilfredo, mwana wa pekee wa Ludivina, siku ya ubatizo, akawa mama yake mlezi, na tangu hapo wakawa mashoga wa kuingiliana jikoni bila hodi. Leo Otilia alipiga hodi.

Kilichopotea kilikuwa jicho. Si la mtu, la fedha, dogo kama punje ya mbaazi iliyokanyagwa, lenye utepe mwekundu, alilokuwa akivishwa shingoni Mfalme Melkiori, sanamu mmoja wa wale Mamajusi watatu. Ludivina alipokuwa na miaka minne macho yalimvimba hata kijiko mkononi asikione. Mama yake akaweka nadhiri kwa Wafalme Watatu wa mti waliokuwa pale sebuleni: mtoto akipona, jicho la fedha litaning’inia kwa Melkiori, na kila Januari nyumba hii itawaimbia Wafalme. Akapona. Nyumba ikaimba miaka yote, hata mwaka ule ambao paa lilikuwa limeondoka na kimbunga. Sasa macho yaleyale yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na kesho, Ijumaa, daktari wa mjini Ponce alikuwa amsafishe la kwanza. Ludivina alikuwa ameshasema neno lake: bila jicho la fedha shingoni kwa Melkiori, yeye hospitali hakanyagi. Bora afe anapapasa kuta.

Na Ludivina hakuzaliwa kuamini. Wanasema siku aliyozaliwa alimkagua mkunga mikono kwanza, ndipo akalia. Mayai huyahesabu kuku akiwa bado anayasukuma. Padri akimaliza misa mapema humfuata hadi mlangoni kumuuliza ameruka wapi. Mumewe alipofariki alikaa siku tatu bila kuvaa nguo nyeusi, isije ikawa marehemu anamtania.

Basi mtu kama huyu, ushahidi aliokuwa nao ulimtosha.

Wa kwanza ulikuwa wa kimbunga. Mwezi wa tisa redio ilipoanza kutisha watu, Ludivina alifanya wafanyavyo wengi huku. Alijaza ndoo, akaweka mishumaa, akafungua mashine ya kuosha vyombo na kuhifadhi humo vitu vya thamani, maana mlango wa mashine ile ukifungwa hata upepo unaomba ruhusa. Wilfredo ndiye aliyeileta, miaka saba nyuma, na kwa mama yake ilikuwa kabati lenye taa. Siku za kazi ilikaa masufuria. Jumapili, Wilfredo akija kula, masufuria yalitolewa, sahani zikaoshwa kwa mkono kwanza ili mashine isione aibu za nyumba, kisha zikapangwa ndani na kitufe kikabonyezwa, ili mtoto afurahi. Siku ile ya kimbunga waliingia humo Wafalme Watatu wamefungwa taulo, na picha za harusi, na hati ya nyumba. Aliyewapitisha Wafalme mkono kwa mkono alikuwa Otilia. Kimbunga kikabadili nia, kikaenda kaskazini kusumbua wengine. Wafalme walipotoka, Melkiori alikuwa na shingo tupu.

Wanawake wawili chumbani, na mmoja ndiye mwenye mali.

Ushahidi wa pili ndio uliomla roho. Otilia naye alikuwa na mtoto wa jicho. Mwaka jana alimsalimia mbuzi wa jirani yao Efraín akidhani ni dada wa kwaya, akamuuliza hali ya watoto, na akaondoka ameridhika na jibu. Walikuwa wameahidiana, yeye na Ludivina, kwamba siku ya kwenda kwa daktari wataenda wote, vitanda viwili sambamba, ili kila mmoja amcheke mwenzake. Kisha, baada ya kimbunga, Otilia akasafiri wiki tatu kwa bintiye aishiye mjini Orlando, ubatizo wa mjukuu, akarudi anaona. Anaona kupita kiasi. Anatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja. Anamwona paka mlima wa pili na kusema ana mimba. Alipoulizwa, alisema ni karoti.

Ludivina alijumlisha. Jicho langu limepotea, macho yake yamepatikana. Na jumla hiyo ndiyo aliyokuwa ameitupa mezani asubuhi hii, kahawa ikapoa.

Otilia aligeuka akaitazama mashine, ambayo tangu Jumapili ilikuwa imegoma katikati ya kazi, tumbo limejaa maji, na kwenye paji lake herufi E na namba tano zinawaka na kuzima. Ludivina hakuweza kuzisoma. Aliona tu kitu chekundu kinamkonyeza, akakifunika kwa kitambaa, kwa maana hakujua kinamtazama kwa niaba ya nani. Wilfredo alizima na kuwasha mara tatu, akasema imezeeka, na kwamba leo baada ya chakula cha mchana angekuja na gari la rafiki yake aipeleke kwenye vyuma chakavu.

“Nipe kile kijitabu chake,” alisema Otilia, akikiondoa kitambaa.

“Cha nini?”

“Nisome hiyo namba inataka nini.”

“Kwa macho gani, shoga? Yako au yangu?”

Otilia alivuta droo mwenyewe, akakikuta kijitabu chini ya vizibo. Alikisoma huku amekishika kwa mbali, kwa madaha, na Ludivina akaona kama anaonyeshwa mali yake iliyoibwa. Kijitabu kilisema E na tano maana yake maji yameingia na hayapati pa kutokea. Ama mpira wa nyuma umejikunja, ama chujio limeziba, ama kuna kitu kimeshuka hadi kwenye pampu. Na kwamba kabla ya lolote, umeme ukatwe.

Hapo ndipo Ludivina alipopata wazo, na lilikuwa wazo baya. Kwa nini mtu atumie mchana wake kutengeneza kabati la mwenzake? Labda amelileta lile jicho. Labda amechoka nalo, dhamiri inamuwasha, anatafuta shimo la kuliangusha kisha apige vigelegele kwamba limeonekana.

“Kunja mikono ya gauni,” alimwambia. “Na mifuko igeuze.”

“Unanipekua, Ludivina?”

“Nakuhurumia usilowe.”

Otilia alikunja, akageuza mifuko, ikatoka rozari na peremende mbili. Ludivina aliziweka peremende juu ya friji, kama polisi.

Walikata umeme, wakaivuta mashine wote wawili wakihema. Mpira wa nyuma ulikuwa umenyooka. Wakatoa chujio la chini. Halikuwa na hata punje ya wali, na ingetoka wapi, kwenye nyumba ambayo sahani huoshwa kabla ya kuoshwa? Otilia alitaka kucheka, akajizuia. Wakaanza kuteka maji kwa kikombe, na kila kikombe Ludivina alikipitisha kwenye kitambaa cha kuchujia kahawa, akakipapasa kwa vidole vyote kumi. Hakikutoka kitu. Ikabaki pampu, na juu yake kifuniko kidogo ambacho Otilia alikibandua kwa mpini wa kijiko.

“Toa mkono wako,” alisema Ludivina.

“Imeandikwa mtu avae glovu, huenda kuna kigae.”

“Toa mkono. Nitatia wangu.”

Akapiga magoti, jambo ambalo kanisani hulifanya kwa sharti la mto, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alipapasa gurudumu dogo lenye mabawa. Juu yake palikuwa na kitu laini kimejizungusha, kama uzi kwenye kibiringo. Alivuta, kikagoma. Akalirudisha gurudumu nyuma, nusu duara, nusu duara nyingine, kikaanza kulegea kidogokidogo, na mwisho wake kikagonga kucha yake kitu kigumu, chembamba.

Aliutoa mkono akaufungua chini ya dirisha. Hakuhitaji kuona. Kidole gumba kiliijua kope, kikaijua mboni.

Alilipangusa kwa pindo la gauni. Otilia alikifunga kijitabu.

Ludivina alikuwa bado anatafuta pa kupita. Angeweza kulitumbukiza wakati wa kubandua kifuniko? Lakini mikono ilikuwa mitupu, aliipekua yeye. Angelileta kabla ya Jumapili? Alisogeza utepe hadi karibu na pua, mahali ambapo macho yake yaliona bado kidogo. Nyekundu yote ilikuwa imekwenda. Ulikuwa mweupe kama gauni la ubatizo, umechakazwa na sabuni ya Jumapili baada ya Jumapili, na umesokotwa mizunguko arobaini ambayo mkono wa binadamu hauwezi, hata wa Otilia.

“Nasubiri,” alisema Otilia.

“Unasubiri nini?”

“Neno moja tu. Si refu.”

“Karoti,” alisema Ludivina. “Hilo ndilo neno. Nieleze za karoti.”

Otilia aliteremsha mikono ya gauni lake, mmoja, kisha wa pili.

“Hakukuwa na ubatizo,” alisema. “Binti alishapanga kila kitu. Nilifika uwanja wa ndege akaniambia, Mama, daktari wa macho kesho saa mbili.”

“Tuliahidiana.”

“Najua tuliahidiana. Nilikuwa nimelazwa pale na kofia ya karatasi kichwani, nikakukumbuka, nikaona haya. Lakini sikushuka kitandani, shoga. Niliogopa nikishuka sitapanda tena. Na kurudi nikakuambie nimetangulia, nikashindwa.”

“Ukala karoti miezi miwili mbele yangu.”

“Nikala. Sizipendi hata.”

Kwa hiyo mwizi hakuwepo, ila mwongo alikuwepo, na Ludivina hakujua afurahie lipi. Alilifunga jicho kiganjani. Kulivisha Melkiori lilikuwa jambo la dakika moja, na baada ya dakika hiyo hakungebaki sababu yoyote ya kutokwenda Ponce kesho. Hilo lilimpiga sasa, pale chini, magoti yamelowa. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti kama anayeuliza bei ya kitu kisichouzwa.

“Iliuma?”

Otilia alivuta kiti, akainama hadi nyuso zao zikakaribiana. Alifungua mdomo.

Mlango ukasukumwa. Wilfredo aliingia na kamba ya kufungia mashine begani, akasalimia, “Nibariki, Mama, nibariki, mama mlezi,” kisha akayaona maji.