Kiti cha Muganga

Kwetu Muyinga, muuguzi wa afya ya jamii akiingia kijijini, habari zake humtangulia. Watoto wanapiga kelele, "Muganga huyoo!" na hapo ndipo utaona mambo. Mama fulani anang'oa chandarua alichozungushia bustani kuzuia kuku, anakirudisha mbio kitandani. Baba fulani anakumbuka choo chake hakina mfuniko, anaanza kutafuta ubao. Mitoto yote inanawa mikono, hata ile ambayo haijashika kitu.

Sisi tuliokulia Tanzania tulicheka mwanzoni, maana kule mganga ni mtu wa hirizi na kibuyu. Huyu wetu alikuwa na koti jeupe, viatu vya mvua, na boksi la barafu la chanjo ambalo wageni wa kijiji walidhani lina soda. Alikuwa binti wa Gitega mjini, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, na kazi zake sikuwahi kuzimaliza kuzihesabu. Anapima watoto uzito, anachungulia maji ya kunywa, anamfuata hadi shambani mzee aliyekimbia dawa za kifua. Mara moja nilimkuta akiwapatanisha mume na mke waliogombania upande wa chandarua.

Kwetu alikuwa anakuja kwa ajili ya Bibi. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na presha, ambayo huku wanaiita tansiyo. Tuliishi wawili tu. Mimi nilikuwa na cherehani ya kuazima, darasa la saba la kambi ya wakimbizi Tanzania, na ndoto ya duka Gitega lenye kioo kirefu na sanamu ya kuvalisha nguo, tena sanamu yenye kichwa.

Muganga alikuwa na adabu ya kutuma habari siku moja kabla. Ole wangu siku hiyo! Ua unafagiwa mpaka udongo unalalamika. Kiti cha mgeni kinatolewa, kinafutwa, kinawekewa mto nilioushona mwenyewe. Asubuhi yake Bibi anaoga, anavaa kitenge cha kanisani, anakula maharage bila chumvi, anameza kidonge chake, halafu anakaa ametulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Eh bien, bibi, tansiyo iko vizuri," Muganga anasema akifungua mashine ya kupimia mkononi.

"Si nilikwambia? Kunywa kidogo basi." Bibi anamsogezea kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Bibi, mi niko kazini."

"Mate yako nayo yako kazini?"

Wanacheka, anaondoka. Kilichonishangaza ni kwamba siku mbili tatu baadaye kichwa cha Bibi kinaanza kumgonga, na miguu inavimba. Nikimuuliza, ananiambia nishone.

Msimu ule Bibi alikuwa na jambo moja tu moyoni. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Magarama kule Gitega, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Huku kwetu mzazi lazima ahembwe: watu wa kwao wanakwenda kumwona na unga wa uji, na chakula cha kumrudishia nguvu na kumletea maziwa. Mama yetu hayupo tena duniani. Asipokwenda Bibi, ingeonekana dada ameokotwa njiani. Unga wa mtama ulikuwa umeshasagwa, unangoja kwenye mfuko. Lakini Muganga alikuwa amesema safari ile ndefu hatairuhusu mpaka aridhike na tansiyo. Bibi alikuwa na uhakika. Vipimo vyake si vilikuwa vizuri kila mara?

Halafu mvua ikatuharibia.

Ilikuwa mchana. Muganga alikuwa anatoka kuwapima mapacha kilima cha pili, mvua ikamkuta mlangoni kwetu, akaingia mbio akichuruzika maji. Bibi alikuwa na bakuli la dagaa wa chumvi mapajani.

"Karibu, mwanangu, ila leo si siku yako," alisema huku akilisukuma bakuli nyuma ya mgongo.

"Ni mvua imenileta, bibi. Yenyewe haitume habari." Akatoa mashine. "Alors, kwa kuwa niko hapa, lete mkono."

"Leo mkono umechoka kulima."

"Lete ule haukulima."

Alipima. Akapima mkono wa pili, na kwa mara ya kwanza nilimwona uso wake hauna utani hata chembe.

"Bibi, kidonge ulimeza lini?"

"Siku ile uliyokuja."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hukuja."

Muganga akanitazama mimi, mimi nikatazama mvua. Bibi, kwa fahari kabisa, akafungua kopo la sukari kumwonyesha: vidonge vyote vimo, vimetunzwa vizuri, havijaguswa na mende wala unyevu. Akaeleza bila aibu yoyote. Kitenge kizuri anakivaa mgeni akija, kiti anakitoa mgeni akija, na kidonge je? Atamezaje dawa ya mgeni wakati mgeni hayupo?

Muganga alicheka mpaka akakaa chini, koti lote na maji yake. Halafu akamshika Bibi magoti.

"Sikia, mama. Tansiyo haijue siku za wageni. Mi nikiondoka, yenyewe inabaki humu. Siku moja inaweza kupasua mshipa kichwani. Unaanguka, mdomo unapinda, ama huamke tena."

"Na Gitega?"

"Gitega hapana. Si hivi. Na hii shida ya mafuta ya magari, basi inaweza kulala njiani Karuzi nawe ndani."

"Nani atamhemba mtoto wangu?"

Bibi hakulia. Aliinuka akaanza kupanga kuni, kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi nilitamani presha iwe kitu cha kugawana, nichukue nusu yangu.

Mvua ilipopungua, Muganga alisimama mlangoni akiangalia kile kiti cha mgeni kilichofunikwa kanga pembeni.

"Bibi, hiki kiti ni cha nani?"

"Ni chako. Unajua."

"Basi kila asubuhi kiweke nje. Nitakuja."

"Kila asubuhi?"

"Siku moja kati ya hizo. Sisemi ipi."

"Huo ni uhuni, muganga."

"Ndiyo, ni uhuni."

Kesho yake kiti kilitoka. Bibi alifagia, akameza kidonge, akangoja. "Amechelewa," akasema. Keshokutwa vilevile. Wiki haijaisha alikuwa anagombana na kiti chenyewe: "Watu wa mjini hawana saa!" Siku moja kuku akapanda akakaa juu ya mto wangu, na Bibi akamwamkia: "Angalau wewe umefika." Mimi jikoni nilipunguza chumvi, nikaongeza kitunguu na ndimu, kama Muganga alivyonifundisha. Bibi alisema hayo ni maharage ya kumpa mgeni unayetaka aondoke. Lakini alikula, na kichwa kikaacha kumgonga.

Dada alijifungua katikati ya kungoja huko. Mtoto wa kike. Bibi aliushika mwenyewe ule mfuko wa unga huku mimi nimemwekea simu sikioni. "Analia kwa nguvu? Basi maziwa yapo," akasema, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama kiti nimekitoa.

Muganga alipokuja hatimaye, hakuna mtoto aliyetutangazia; wote walikuwa shuleni. Alimkuta Bibi na kitenge cha shamba, matope hadi kwenye magoti, ua haujafagiwa. Kidonge kilikuwa kimeshamezwa tangu alfajiri. Akapima. Akarudia. Akakunja mashine polepole, makusudi, ili kumtesa.

"Sema, mtoto wewe!"

"Unga ataubeba mjukuu. Dawa zikae mkononi mwako, si kwenye mzigo. Na dagaa wabaki hapa Muyinga."

Bibi alimkumbatia na matope yake yote, koti jeupe likaisha.

Tulifika Magarama jioni, baada ya basi kungoja mafuta mpaka abiria wakajuana ukoo. Dada alikunywa uji wa mtama akilia na kucheka, na mtoto alilala kwenye mapaja ya Bibi kama aliyekuwa na miadi naye. Mimi nilichungulia maduka ya mtaa. Hakuna lenye sanamu yenye kichwa, kwa hiyo nafasi yangu bado ipo.

Asubuhi niliamshwa na kelele za kitu kinachoburutwa. Bibi alikuwa anatoa kiti cha shemeji nje. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Mama, mna mgeni leo?"

"Muganga wangu anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Muyinga."

"Kwa mafuta gani?"

Bibi alimtazama, akatazama kiti kitupu, akatia kidonge mdomoni na kukishushia maji.

"Basi atakuja kwa miguu," akasema. "Ndiyo maana anachelewa."